Pete Yenye Mtu

Sonara alitandika kitambaa cha bluu juu ya meza ya kioo, akazipanga pete za zamani, kisha akawaomba wanawake waliokaa kwenye benchi la ukutani wakunje miguu ili wateja wapite. Wakakunja. Hadjira na mchumba wake Hamidou wakapita, wakavuta viti.

Ilikuwa asubuhi ya mwaka 1980, mjini Mahajanga. Pete mpya zilikuwa haziingii nchini tena, na aliyetaka almasi ilimbidi achukue iliyowahi kuvaliwa. Mama yake Hamidou alisema bangili za dhahabu zinatosha. Lakini Hamidou alikuwa amesoma Antananarivo, na huko aliona wachumba wa wenzake wakivaa almasi.

"Hii haina mtu," sonara alisema, akiisukuma pete moja kwa ncha ya kidole. "Mwenyewe aliileta hapa kwa mkono wake. Hii nayo haina. Hii ina mtu."

Alieleza kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza uzito wa dhahabu. Pete iliyotolewa kwa hiari haikuja na yeyote. Iliyovuliwa bila ridhaa ya mwenyewe ilikuja naye, na popote ilipokaa pete, naye alikaa. Hawakuwa wasumbufu. Walikula kidogo.

"Sisi tuna chumba kimoja tu," Hamidou alisema. "Tuonyeshe zisizo na watu."

Hadjira hakuwa akisikiliza. Mwisho wa benchi, karibu na mlango, alikaa mama yake, Hasnati, amejitanda nguo yake nyekundu ya shiromani.

Mara ya mwisho walionana mtaani Antanimasaja, hapo hapo Mahajanga, Desemba ya 1976, watu wenye asili ya Komoro waliposakwa nyumba hadi nyumba na kuuawa. Hasnati alimpandisha binti yake juu ya ukuta wa uani, akamsukumia upande wa jirani, kisha akarudi ndani kumchukua bibi. Jirani huyo alikuwa Bourhane, baba yake Hamidou, Mmalagasi ambaye hakusakwa. Alimficha Hadjira stoo, nyuma ya magunia ya mchele, mpaka mji ulipotulia, akampeleka mwenyewe bandarini. Wengine walionusurika walisafirishwa kwenda Komoro. Hadjira alichukuliwa na baba yake mdogo, Msaidié, aliyekuwa akiishi Andilana, kisiwani Nosy Be. Huko kila mtu alijua kwamba Bourhane ndiye aliyemwokoa, na posa ya Hamidou ilipokuja hakuna aliyeona sababu ya kufikiri mara mbili.

Hadjira alipiga magoti mbele ya benchi.

"Umekonda," Hasnati alisema kwa Kikomoro.

"Tulikungoja Andilana, mama."

"Nakaa ilipo pete, mwanangu. Ningekujaje?"

Hadjira aliuinua mkono wa kushoto wa mama yake. Kidole cha pete hakikuwepo. Kilikuwa kimekatwa kwenye shina, na mahali pake pamefungwa kitambaa safi.

Hamidou naye alisogea, akainama kama inavyompasa mkwe, akamwamkia kwa Kikomoro. "Kwezi, mama Hadjira. Hujabadilika."

"Wewe ndiye uliyebadilika," Hasnati alimjibu. "Una ndevu."

Sonara alileta pete yenyewe. Almasi ilikuwa ya mchongo wa kale, wa mkono, isiyometameta sana mchana lakini yenye mwanga wa ndani kama kaa la moto lililofunikwa jivu. Bibi yake Hasnati aliivaa, akampa mama yake, naye akampa yeye. Hadjira aliijua kabla haijamfikia.

"Nani aliileta?" aliuliza.

"Mzee Bourhane wa Antanimasaja," sonara alisema. "Alisema jiko lao ni dogo, na huyu mama alikuwa anakaa karibu na meko."

Hamidou alitazama nje, barabarani. Baadaye alilipa bila kuomba apunguziwe, na wote watatu wakaondoka kwenda Antanimasaja kula chakula cha mchana.

Mkewe Bourhane alipomwona Hasnati akiingia, aliongeza sahani moja, kama alivyozoea zamani. Akapakua wali na samaki wa nazi. Bourhane alinawa, akaiona pete kidoleni mwa Hadjira, akafuta mikono taratibu.

"Mmeirudisha," alisema.

"Kumbe ulikuwa humu ndani, mama?" Hadjira aliuliza. "Wakati mimi niko stoo?"

"Nilikuwa jikoni. Nilikusikia ukikohoa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje."

"Nilimfungia kwa usalama wake," Bourhane alisema. Kisha akamgeukia Hasnati. "Nilikukuta barabarani umeshakufa."

"Nilikuwa hai, baba Hamidou. Nilikuomba maji."

Bourhane aliukuta mwiba kwenye samaki wake, akautoa, akauweka ukingoni mwa sahani. "Stoo ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja," alisema. "Nilimchukua binti yako."

"Nakushukuru," Hasnati alisema, na shukrani yake ilikuwa ya kweli.

"Na pete?" Hadjira aliuliza.

"Angeichukua mwingine."

Mkewe Bourhane alileta achari ya embe, ikazungushwa, kila mmoja akachukua kidogo.

Asubuhi iliyofuata Hadjira alimpeleka mama yake kwenye ofisi moja ya mji kutoa malalamiko. Karani alikuwa mtu mwenye adabu. Alimpa Hasnati kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kadi yake ya ukaazi. Hasnati alisema iliungua pamoja na nyumba. Karani alisikitika. Bila kadi, alisema, mama huyu hakuwa akiishi Mahajanga, na mtu asiyeishi Mahajanga hawezi kuwa aliuawa Mahajanga. Aliwashauri wajaribu Komoro. Akawafungulia mlango.

Hamidou aliwangoja nje, juani.

"Tuirudishe," alisema. "Tuchague nyingine, isiyo na mtu."

"Huyo mtu ni mama yangu."

"Na yule ni baba yangu, Hadjira. Na bila yeye wewe usingekuwepo."

"Najua," Hadjira alisema. Hilo ndilo lililomtesa. Angeweza kumchukia Bourhane kwa moyo mmoja kama asingekumbuka pia namna alivyomletea chai stoo, akimshikia kikombe mpaka amalize. Alimuaga Hamidou pale pale barabarani, akalia njia nzima mpaka bandarini. Hamidou hakuidai pete.

Andilana walimpokea Hasnati vizuri. Msaidié alikuwa hajasoma hitima ya shemeji yake kwa kuwa hakuna aliyeuona mwili, na sasa haikuwezekana kabisa kuisoma, maana mwenyewe alikuwa uani anakuna nazi. Hoteli za watalii zilipojengwa, mama na binti walidarizi vitambaa vya meza wakauza ufukweni. Hadjira hakuolewa. Wachumba walikuja, wakaiona pete, wakadhani ameshachukuliwa. Miaka ilipita, nywele zake zikaanza kuwa nyeupe, za mama yake zikabaki nyeusi. Wageni waliwadhania ndugu, baadaye wakamdhania Hadjira ndiye mama.

Bourhane alikwenda Makka, akarudi, akachaguliwa kwenye kamati ya msikiti. Alifariki mwaka 1998, kitandani, wanawe wakiwa wamemzunguka. Habari ilipofika Andilana, Hasnati alikunja kitambaa alichokuwa anakidarizi.

"Twende," alisema. "Alikuwa jirani."

Walifika Mahajanga jeneza likiwa tayari mbele ya nyumba. Wanaume walijipanga mpaka mwisho wa mtaa. Wanawake walikaa uani, kwenye mikeka, wakisikiliza kipaza sauti.

"Mnamshuhudiaje maiti huyu?" imamu aliuliza.

"Mtu mwema!" mtaa mzima ukaitika.

Aliuliza tena, wakaitika tena. Mara ya tatu Hadjira alisikia sauti moja karibu sana, wazi kuliko nyingine, ikisema mtu mwema, naye akatambua kwamba ni yake. Akamtazama mama yake. Hasnati alikuwa amefumba mdomo.

"Hukusikia swali?" mwanamke mmoja alimuuliza kwa upole.

"Nimesikia," Hasnati alisema.

Jeneza likainuliwa, sauti za wanaume zikapungua kuelekea makaburini. Wanawake walisogeana, wakampa Hasnati nafasi pana zaidi mkekani, na sinia za wali zikaanza kuletwa.