Taa Inayomulika Mbali

Katika duka la spea pale Katoro, Mwanne alimtazama mumewe akigeuzageuza taa za LED za pikipiki, na roho yake haikutulia. Feisal, bodaboda aliyeapa kwamba adhana ya magharibi humkuta ameshapaki, leo anaulizia taa inayomulika mbali!

"Baba Shadya, mchana wote huo unammulika nani?"

"Ni usalama tu, Mama Shadya."

Usalama! Mwanne akachagua mwenyewe: ya zambarau, inayowakawaka kama ya disko.

"Hiyo hapa mjini ni moja tu," muuzaji akaisifia.

"Basi mfungie hiyo hiyo. Watu wataniambia imepaki mlangoni kwa nani."

Feisal akakohoa, akairudisha taa kwenye kaunta.

"Kwani ile ya zamani ina ubaya gani?"