Nafasi ya Samaki

Siku ya kwanza Fundi kuingia nyumba ile kama mke, alimkuta samaki mwenye paji pana akimkodolea macho kutoka ndani ya tangi la kioo, akauliza atakaangwa lini. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mita kwa kazi yake ya kusoma mita za maji, alicheka kwa upole. Akamweleza kwamba huyo ni ndugu wa perege kweli, lakini wa mbali, wa kufugwa, na akikua hufika urefu wa kutoka kiwikoni mpaka kifundo cha mkono. Samaki huyo alimpa jina la Mwenyekiti kwa sababu hakuna aliyempinga.

"Hapa yupo kwa muda tu," Bwana Mita alisema akigonga kioo kwa ukucha. Tangi lenyewe halikuzidi sanduku la safari. "Nitampatia kubwa."

Fundi naye alikuwa ameahidiwa. Kabla ya ndoa alikuwa na kibanda cha kushonea karibu na soko, na wateja wa sare za shule waliopanga foleni kila muhula ukikaribia. Bwana Mita ndiye aliyemshawishi akirudishe kwa mwenye kibanda. Cherehani italetwa nyumbani, alisema, utashonea kwenye ukuta ule wenye dirisha, mwanga unamwagika pale kutwa nzima, ya nini kuhangaika na jua na vumbi. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse mwanamke wa miaka arobaini na mitatu aliyechoka kula kwa kaka yake. Akakirudisha kibanda, na cherehani ikawekwa stoo kwa jirani muuza rangi, wiki moja tu, mpaka nafasi ipatikane.

Tatizo ni kwamba ukuta ule ulikuwa na mwenyewe. Lilisimama pale kabati la milango ya vioo, limejaa vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo hakuna aliyevinywea. Lilikula ukuta mzima na robo ya dirisha.

"Hili tulipeleke kwa wifi," Fundi alisema juma lile la kwanza. "Kwake kuna nafasi."

Bwana Mita alishusha sauti kama mtu aliye msibani. "Mke wangu, hilo ni la marehemu. Yeye ndiye aliyelipenda hapo. Dada yangu akija akakuta limeondoka, ataumia sana. Subiri kidogo."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mke wa pili akianza kugombea ukuta na marehemu kabla harufu ya mapambo ya harusi haijaisha, watu watamwitaje? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Fundi akanyamaza, akasubiri kidogo. Kidogo ile ikawa miaka miwili.

Katika miaka hiyo wateja wake walipata mafundi wengine. Yeye akawa anachukua vibarua vya kushona vifungo na kukunja pindo kwa mkono, kazi ambayo zamani aliwapa wanafunzi wake. Kila Ijumaa alilifuta vumbi lile kabati, na kila alipolifuta alisema na mwenye nalo. Hakusema mazuri. Umekufa, alimwambia, basi si ungekufa na vikombe vyako. Alimjua kwa picha tu, mwanamke mwembamba aliyefumba mdomo, na alimchukia kama watu wanavyomchukia mtu waliyegombana naye ana kwa ana. Wifi yake alipomwalika waende wakapalilie kaburi, Fundi alisingizia mgongo. Wifi hakumwalika tena.

Huyo wifi alikuwa mkunga aliyestaafu, mwanamke wa maneno machache, na alikuja kila Jumapili. Alikaa kwenye kiti kinachotazamana na kabati, akanywa chai yake, akaviangalia vikombe, akaguna. Fundi alijua maana ya kuguna kule. Alijua kwamba siku atakayothubutu kuligusa kabati, mama huyo ataangua kilio mtaa mzima usikie. Basi wakawa wanaulizana hali, wanapeana biskuti, na baridi iliyokuwa kati yao ungeweza kuhifadhia nyama.

Mwenyekiti yeye alizidi kukua. Maji ya tangi dogo lenye samaki mkubwa huchafuka upesi kuliko sufuria ya uji, kwa hiyo Bwana Mita aliyabadilisha mara tatu kwa wiki. Aliyavuta ya zamani kwa mpira, theluthi tu, akajazia mengine aliyoyaacha kwenye pipa siku nzima ili dawa ya bombani iishe nguvu. Hakukosa hata siku moja. Hata hivyo samaki alikuwa akigeuka, mkia unagusa kioo huku na pua inagusa kule, na akishtuka alipiga kichwa kwenye kifuniko. Jambo hili lilimsumbua sana Bwana Mita. Aliweza kuacha chakula kipoe kwa sababu ya kidonda kimoja kwenye pua ya Mwenyekiti.

Akadhani ni upweke, na Jumamosi moja akaleta jike.

Kabla ya kumwingiza alivua shati, akamtoa Mwenyekiti na kumweka ndooni, kisha akaanza kupangua mawe yote ya tangi. Pango lililokuwa kushoto likaenda kulia, gogo likalazwa, changarawe zikakorogwa. Ilimchukua asubuhi nzima. Fundi alimshikia taulo.

"Unahamia wapi?" alimtania.

"Ndiyo siri yake hii," Bwana Mita alisema, maji yakimchuruzika mpaka kiwikoni. Alipenda kufundisha. "Hawa samaki kila mmoja ana mahali pake. Ukimwingiza mgeni na mawe yako vile vile, mwenyeji atampiga mpaka amuue. Si ubaya, ni kwamba pale ni pake. Lakini ukipangua kila kitu, wote wanakuwa wageni, wanaanza sawa."

Fundi alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Hakuona dalili yoyote usoni pake.

"Na binadamu?" aliuliza.

"Binadamu wana akili, wanaelewana."

"Kabati je, mume wangu? Tukilipangua na lile?"

Bwana Mita alisimama na jiwe mkononi, akasikitika. Alikuwa hodari sana wa kusikitika. "Mama, hayo ni mengine. Unajua jinsi dada alivyo. Na marehemu hajatimiza hata miaka mitano kaburini. Subiri kidogo."

Kupangua mawe hakukusaidia. Katika tangi la ukubwa ule hapakuwa na pa kukimbilia, uyapange mawe utakavyo. Siku ya tatu jike alikuwa amejibana nyuma ya chujio, mapezi yamechanika kama kitambaa kilichooshwa kwa hasira. Bwana Mita akamhamishia ndooni. Akampigia simu fundi wa vioo. Alikuwa na mchoro wa tangi kubwa tangu zamani, vipimo vyote, mpaka unene wa kioo, na alisema sasa basi, viumbe hawa wanateseka na yeye anaona.

Fundi alisikia maneno hayo akiwa jikoni. Aliganda na kijiko mkononi, kwa sababu katika miaka miwili hakuwa amemsikia mumewe akisema sasa basi.

Siku ya tisa, Fundi alikuwa ametoka kupeleka mashati ya vifungo. Aliporudi alikuta kabati kibarazani. Limelazwa chali, milango imefungwa kwa kamba, na pembeni yake vikombe vimepakiwa kwenye boksi. Ndani, ukutani, palikuwa na alama nyeupe ya mahali liliposimama, na mbele ya alama hiyo tangi refu kama kitanda cha mtoto juu ya meza ya vyuma. Maji yalikuwa yamekwisha kujazwa. Bwana Mita alikuwa juu ya kigoda, anapigilia kitambaa cheusi dirishani.

"Mwanga huotesha mwani," alieleza bila kuulizwa. "Tangi halitaki jua kabisa."

"Kabati umelitoa na nani?"

"Na dereva wa pikipiki aliyekuja na fundi wa vioo. Nusu saa tu." Alishuka kigodani akaikung'uta mikono vumbi. Alikuwa na furaha ya kweli, uso wote unang'aa. "Nimempigia dada aje na mkokoteni alichukue."

"Na cherehani yangu?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu aliyemsahau. Kisha akasikitika. "Tutaona nafasi, mke wangu. Si unaona hapa pameshajaa."

Fundi alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya kibarazani. Hakulia, alikuwa anasubiri kilio cha mwenzake. Angalau, alifikiri, leo wifi atalia, na mimi nitapata mtu wa kulia naye, hata kama tunalilia mambo mawili tofauti.

Wifi alikuja nyuma ya mkokoteni, anatembea polepole kwa ajili ya magoti. Alilitazama kabati pale chini. Hakuangua kilio. Alivuta pumzi, akasema, "Afadhali."

"Afadhali?"

"Nilimwambia aliondoe hata kabla ya ndoa yenu. Mwanamke mpya aingie nyumba yenye nafasi. Akaniambia wewe umeliona ukalipenda, umemkataza asiliguse, unapenda vile vikombe." Wifi alimtazama usoni, labda kwa mara ya kwanza. "Mimi nikasema haya, kama ana tamaa ya vitu vya watu, ni yeye na moyo wake. Kila Jumapili nakuja naviona, naguna."

Fundi alimgeukia. "Mimi aliniambia ni wewe. Wewe na marehemu. Kwamba ni kabati lake, na ndiye aliyelipenda pale."

"Marehemu?" Wifi aliketi kwenye ngazi bila kukung'uta vumbi. "Wifi, hili kabati ni la mama yetu. Marehemu alilikuta hapo hapo kama ulivyolikuta wewe. Alipougua aliomba liondolewe, kitanda kije karibu na dirisha apate hewa. Nilikuwa namwogesha mimi, aliomba mbele yangu. Kaka akamwambia asubiri kidogo."

Mwenye mkokoteni aliona hapafai kuuliza kitu, akajifanya anakaza kamba ya gurudumu.

"Kaka yangu si mtu mbaya," wifi alisema mwishowe. "Hajawahi kumpiga mtu, hajawahi kutukana. Kitu kisichomsumbua yeye, basi hakisumbui."

Fundi alifikiria kaburi ambalo hakwenda kulipalilia. Alifikiria Ijumaa zote zile na maneno aliyokuwa akiyasema huku anafuta vumbi, akimwambia mwanamke aliyekufa akiomba hewa kwamba angekufa na vikombe vyake. Aliona aibu mpaka shingo ikamwaka moto.

"Njooni mwone!" Bwana Mita aliita kutoka ndani. "Njooni wote wawili!"

Wakaingia, kwa mazoea ya wanawake walioitwa. Mwenyekiti alikuwa anaogelea tangi zima, kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, anageuka bila kugusa kitu. Jike alikuwa amekwisha kujichagulia kona. Bwana Mita alisimama kati ya mke na dada, mikono nyuma.

"Mnaona? Hata rangi imebadilika. Alikuwa anahitaji nafasi tu."

"Marehemu aliomba dirisha," Fundi alisema.

Bwana Mita hakugeuka. Aliinama akarekebisha mpira wa pampu ya hewa, ambao haukuwa na kasoro.

"Aliomba kitanda kiwe hapa," Fundi alisema tena. "Kwa nini hukumtolea kabati?"

Alifikiri kidogo. Alionekana anatafuta jibu kwa nia njema, kama anavyotafuta mita iliyofunikwa na majani.

"Lilikuwa zito," alisema.

Wanawake wawili wakatoka. Mwenye mkokoteni alikunja mikono ya shati ili asaidie, lakini wifi akamwashiria akae. Yeye akashika upande wa miguu, Fundi akashika upande wa juu, wakahesabu mpaka tatu, wakanyanyua.

Lilipanda mara moja. Bila vikombe vyake lilikuwa mbao nyembamba na vioo basi, na mwanamke wa miaka sitini na sita mwenye magoti mabovu alilibeba mpaka mkokotenini bila kutweta. Walipolilaza, wifi alibaki ameshika ukingo wake kwa mikono yote miwili, na hapo ndipo alipolia, kimya kimya, mabega tu yanatikisika.

Fundi alilipachika boksi la vikombe kwenye kona ya mkokoteni, akalikaza vizuri lisicheze. Kisha akamwambia mwenye mkokoteni wapitie kwa muuza rangi, kuna cherehani stoo.

"Hiyo nayo inakwenda wapi, mama?"

"Sijui," alisema. "Wewe pakia tu."