Mvua ya Mzee Nurdini

Mkwe wangu Bupe anatoka Tukuyu, na watu wa Tukuyu hawajui kungoja mvua. Kwao mvua ndiyo inayowangoja. Ukianika nguo asubuhi, jioni unazianua zimelowa kuliko ulivyozianika. Migomba inaota bila kubembelezwa. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, umlete kwetu Chemba mwezi wa kumi na moja, wakati hata mbuzi wanatembea wamefumba macho kwa vumbi, halafu umwambie kwamba leo tunapanda.

"Tunapanda wapi, mama?" aliniuliza.

"Hapo ulipokanyaga."

Aliangalia chini. Akaangalia juu, ambako hapakuwa na wingu hata la kusingizia. Kisha akamwangalia mume wake, mwanangu Noeli, kwa jicho la kuuliza kama mama yake huwa anaumwa.

Mimi naitwa Emiliana, Mama Noeli kwa majirani. Ni mjane, Msandawe, Mkatoliki, na jambo likinijaa moyoni nalisema kabla halijapoa. Noeli alikuwa fundi wa kuezeka mjini Dodoma, kwenye nyumba zinazojengwa Mkonze. Kazi ilipokwisha, bosi wake akasema atawapigia simu. Wakaingoja hiyo simu mpaka kodi ya chumba ikawashinda, wakafunga godoro kwa kamba, wakaja kwangu. Niliwapokea kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimechoka kula peke yangu na kugombana na kuku. Lakini midomo mitatu si mdomo mmoja. Kama simu haipigwi, chakula chetu cha mwaka mzima ni kile kitakachotoka shambani, na mbegu ya shamba zima ilikuwa kwenye masuke ya mtama niliyoyaning'iniza jikoni juu ya moto, yakawa meusi kwa moshi ili wadudu wasiyaguse. Mbegu nyingine hatukuwa nayo.

Basi nikampa Bupe somo. Nilimweleza kwamba kwetu mvua ya kwanza haikai kumsubiri mtu atafute jembe. Ukingoja inyeshe ndipo uende shambani, ukifika umekuta ardhi imekauka tena. Kwa hiyo mbegu inatangulia. Unachimba kishimo kwenye vumbi, unadondosha punje chache, unafukia kwa mguu, unasogea mbele. Mbegu inalala pale ikiwa kavu, haiozi wala haifi. Mvua ikija inaikuta nyumbani.

"Na isipokuja?"

"Itakuja."

"Lini, mama?"

"Mungu hajanitumia meseji, Bupe. Kazi yetu ni kufukia. Inayobaki si yetu."

Nililisema hilo vizuri sana, nimeweka mkono kiunoni, hata mwenyewe nikajisikia. Noeli alicheka. Bupe hakucheka, lakini alikunja kanga yake akaanza kuchimba, na kwa kuchimba sina la kumlaumu. Tulipanda shamba lote, isipokuwa punje nilizobakiza kwenye kibuyu kidogo, za kurudishia pale ambapo sisimizi na kanga wa porini watakuwa wamekula.

Tukakaa kungoja. Noeli alizunguka na simu yake mkononi kama mtu aliyebeba yai. Bupe naye akaanza kuamka mapema kuliko sote kwenda pampu ya kijiji kuteka maji. Nilimsifu kwa kila aliyepita. Nilisema huyu si mkwe, huyu ni binti niliyezaliwa naye tumbo moja na mama yangu, maneno ambayo ukiyachunguza hayana maana, lakini furaha haichunguzwi. Kilichonishangaza ni kwamba maji hayajai ndani. Ndoo zinatoka, ndoo zinarudi, pipa liko palepale. Nikaamua kuwa linavuja. Nikachukua sabuni ya mche nikazibaziba sehemu zote nilizozishuku.

Asubuhi moja nikasikia Mzee Nurdini ananiita kwa sauti ya msiba. Mzee Nurdini ni Mrangi wa Kolo. Alikuja kwetu zamani kuuza chumvi na mafuta ya taa, akaoa, akaishia kulima, na shamba lake linatazamana na letu, njia tu ya ng'ombe inapita katikati.

"Mama Noeli! Toka uone! Mvua imekunyeshea wewe peke yako!"

Kwa mgeni hilo ni neno la kichaa. Kwetu si kichaa hata kidogo. Mvua yetu ina upendeleo wa wazi. Inaweza kulowesha ua wa jirani na kukuachia wewe vumbi lako, na watu wawili wakawa wanasalimiana mmoja kajifunika mwingine anajipepea. Nilitoka mbio. Na kweli, ile pembe ya shamba iliyo karibu na nyumba ilikuwa imeota. Vijani vidogo, mstari kwa mstari, katika kijiji ambacho hakikuwa na kitu kingine cha kijani isipokuwa bendera ya ofisi ya mtendaji.

Nilipiga magoti. Nikapiga vigelegele mpaka koo likauma. Wanawake wakaja, watoto wakaja, katekista akaja na kusema ni haki tukapige kengele. Mzee Nurdini alivua kofia yake, akanisogelea, akaniuliza polepole kama mtu anayeomba dawa:

"Mama Noeli, uliomba vipi?"

Mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nikaanza kueleza. Nikaeleza rozari, nikaeleza kuamka kabla jogoo hajawika, na nilikuwa naelekea kueleza mfungo wangu, mfungo ambao haukuwahi kuwapo, ndipo Bupe alipotokea na ndoo kichwani. Akaona watu. Akasimama. Halafu akatua ndoo chini, akapiga magoti mbele yangu kama walivyomfundisha kwao.

"Mama, samahani. Si mvua. Ni mimi."

Macho yote yakahamia kwenye ndoo.

"Nilikuwa nazimwagilia," akasema. "Nilikuwa silali, mama. Nikifumba macho nazifikiria zimelala kwenye vumbi lile la moto, zina kiu, na maji yapo pampuni. Nikasema nizisaidie hizi za karibu tu."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Nurdini, akacheka mpaka akamshika katekista begani asianguke. Kisha wakacheka wote. Wakaniuliza kama rozari yangu ina mkono wa kushikia kama ndoo. Mimi sikucheka. Nilipandwa na hasira ambayo nadhani theluthi yake ilikuwa ya mtama na iliyobaki ya aibu.

"Bupe!" nikamwambia watu walipoondoka. "Mbegu kavu inangoja. Mbegu iliyoota haingoji! Umeiamsha, sasa inataka kunywa kila siku. Utainywesha mpaka lini?"

"Mpaka mvua ije, mama."

Na alijaribu, maskini. Alibeba ndoo mpaka shingo ikakakamaa. Lakini jua lilizidi, maji ya pampu yakapungua, foleni ikarefuka, na wanawake wakaanza kunung'unika kwamba watu wananyimwa maji ya uji ili mtu amwagilie vumbi. Walikuwa na haki. Siku alipomkuta mama mwenye mtoto mgongoni anarudishwa na ndoo tupu, Bupe alimpa ndoo yake, akarudi mikono mitupu. Vijani vikaanza kulegea. Havikupata hata nafasi ya kufa vizuri. Mbuzi wa kijiji kizima walikuwa wameshapeana habari, wakaingia mchana tukiwa tunakula, wakamaliza kila kitu, na mmoja akaondoka na miba ya uzio wetu mdomoni.

Nilimkuta Bupe jikoni analia. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nayo ilikuwa ndefu. Akanitangulia.

"Mimi siwezi kukaa tu, mama," alisema. "Tangu kazi ya Noeli iishe, siwezi. Nampigia yule bosi wake kila asubuhi, Noeli mwenyewe hajui, mpaka yule baba sasa hapokei namba yangu. Nasali, nikimaliza kusali nainuka haraka nikafanye mwenyewe kile nilichokiomba. Mungu nimemwachia nini?"

Hotuba yangu yote ikanitoka kichwani. Nilimwonea huruma mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Nilikoroga uji, nikamwekea sukari iliyokuwa imebaki kwa ajili ya Krismasi, nikakaa naye mpaka akaumaliza. Sikumwambia neno la busara hata moja. Nadhani ndiyo siku alipoanza kunipenda.

Krismasi ikapita bila sukari na bila mvua. Unga ukafika mahali ambapo ukiupakua unasikia kata inakwaruza debe. Mbegu zilizokuwa shambani bado zilikuwa zimelala salama. Lakini ile pembe ya Bupe ilikuwa tupu, na pembe ile ni robo ya chakula chetu. Kilichobaki ni zile punje za kibuyu. Nilikishusha, nikakikung'uta karibu na sikio, na woga ukaniingia.

"Hizi tuziache," nikasema. "Tukiona mvua, tutapanda. Na tukiona njaa, tutasaga."

Bupe alikuwa anapepeta unga wa mwisho mwisho. Akaweka ungo chini. "Mama, ulisema mvua ya kwanza haimsubiri mtu atafute jembe."

"Nilisema."

"Ulisema kazi yetu ni kufukia, inayobaki si yetu."

"Niliyasema hayo mwezi wa kumi na moja, Bupe, nikiwa nimeshiba!"

Akaangua kicheko. Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa kanga, na mimi, pamoja na woga wangu, nikacheka naye, kwa sababu lilikuwa neno la kweli kuliko yote niliyokuwa nimesema tangu afike.

"Basi leo niyaseme mimi," akasema.

Hakuninyang'anya kibuyu. Alinyoosha mikono yote miwili, akangoja. Ningeweza kukataa, na asingeteta. Nilisimama pale nikamwambia Mungu kimoyomoyo: unajua kwamba sitaki. Unajua kwamba hizi ndizo za mwisho. Kama unazitaka, basi zichukue wewe, mimi mkono wangu hautaki kuachia. Nikampa.

Tulikwenda shambani jua likiwa limeanza kuegemea. Bupe alichimba na kudondosha, Noeli alitengeneza uzio, mimi nilifuata nyuma nikifukia kwa mguu na kila kishimo nikakinung'unikia. Hakubeba ndoo. Alipomaliza mstari wa mwisho alipangusa mikono, akageuka akaelekea nyumbani, na hakuangalia nyuma hata mara moja. Mimi ndiye niliyeangalia nyuma njia nzima.

Kisha ikaja siku ya mawingu. Yalikuja mchana kutoka upande wa Kondoa, meusi, na upepo ukaleta ile harufu ambayo hata mgonjwa huinuka kitandani akiisikia. Sote watatu tulitoka tukasimama ukingoni mwa shamba letu. Tuliiona mvua kwa macho, inateremka vilimani, inatembea, inasikika kwenye mabati ya shule, inafika kwa Mzee Nurdini. Ikaingia shambani kwake kwa kishindo. Ikalinywesha lote, kuanzia mwanzo mpaka kwenye njia ya ng'ombe. Hapo ikakoma.

Sisemi ilipungua. Ilikoma. Ng'ambo ya njia maji yalikuwa yanaruka kwenye matuta, na huku kwetu vumbi lilikuwa linanipiga miguuni.

"Mungu!" nikapaza sauti, na sikujali nani ananisikia. "Njia tu! Njia ya ng'ombe ndiyo imekushinda kuvuka?"

Mzee Nurdini alikuwa katikati ya shamba lake, mikono juu, anamshukuru Mola. Aliposikia sauti yangu alituona tulivyosimama wakavu, akaishusha mikono taratibu kama mtu aliyekutwa na kitu cha wenyewe.

"Mama Noeli," akaita, "wallahi sikuomba cha ziada!"

Nilikuwa natafuta la kumjibu, na halikuwa zuri, ndipo sikio langu la kushoto likapasuka kwa kigelegele. Alikuwa Bupe. Alimpigia Mzee Nurdini kigelegele kirefu, cha Tukuyu, cha mtu ambaye shamba lake ndilo limenyeshewa. Kisha akanishika mkono.

"Twende, mama."

"Twende wapi? Si yetu hiyo."

"Twende tukalowe."

Akanivuta. Nilikuwa na umri wa kukataa na uzito wa kukataa, lakini miguu ilimfuata. Tulivuka njia. Maji yalinipiga usoni kwa baridi niliyokuwa nimeisahau, nikapiga kelele, Noeli akatupita mbio kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, Mzee Nurdini akaanza kucheka tena na machozi na mvua vikachanganyika ndevuni mwake. Nikasema, "Asante, Mungu, kwa shamba la Nurdini." Mara ya kwanza neno lilinikwama. Nikalirudia, likatoka, na nikalisema tena na tena mpaka nikalisikia kwamba ni la kweli, ninamshukuru kwelikweli.

Niligeuka nikaangalia kwetu. Shamba letu lilikuwa kavu vilevile, vumbi linazunguka ukingoni, na mbegu zetu zote zimo, hata zile za kibuyu. Nilijitafuta kama nina woga, sikuuona. Nikavua kilemba, nikainua uso, nikaacha mvua ya Mzee Nurdini iniloweshe mpaka kwenye mifupa.