Likizo ya Mpishi

Memsahib alitaka kupumzika, na shamba zima lilijua, maana mwanamke yule hakuweza kupumzika bila kwanza kuwachosha watu kumi.

Ilikuwa mwaka wa tatu baada ya vita vya Hitla. Meza ya barazani, katika nyumba kubwa ya shamba la mkonge upande wa Kongowe, haikuliwa tena chakula. Ilijaa ramani, barua za wakala wa meli, na kitabu kimoja chenye picha za kijiji kidogo cha pwani kiitwacho Belanse, huko visiwa vya Karibiani, ng'ambo ya dunia. Nyumba thelathini, mchanga mweupe na minazi, basi. Memsahib na mumewe, meneja wa shamba, walikuwa wakienda kukaa huko miezi mitatu bila kufanya lolote. Huko kutofanya lolote kulihitaji orodha ndefu, na kila orodha iliishia mikononi mwa mpishi wao, Zahoro.

"Zahoro, mimi nataka mahali hapana saa," memsahib alimwambia. "Hapana kengele. Hapana kazi. Watu nakaa tu."

Kisha akaitikisa kengele yake ya shaba ili aletewe chai, ingawa mwenye kuileta alikuwa amesimama mbele yake.

Zahoro alikuwa mtu wa Kisarawe, na jikoni mle alikuwa na mwaka wa kumi na moja. Alijua kuoka mkate, keki, na ile pudini yao inayotikisika sahanini. Alikuwa na kanzu nyeupe ya kazi na kofia nyekundu, na vibarua wa mkonge walimwamkia kabla hawajamwamkia nyapara wao. Hayo yote yalimpendeza, tena sana. Lakini kengele ile ikilia alikuwa akiruka, usiku au mchana, ana njaa au ameshiba. Mimi sitamtetea. Mtu mzima mwenye ndevu, kengele ya ukubwa wa ndimu ikamtawala miaka kumi na moja.

Siku mkwewe alipofariki kule Mbwawa, kengele ililia vilevile. Habari iliingia asubuhi. Mkewe, Swaumu, alikuja mpaka mlango wa jiko, kanga kichwani. Mbwawa si mbali, ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na maziko yalikuwa alasiri. Zahoro akaenda barazani kuomba ruhusa. Memsahib alikuwa na wageni siku hiyo, na pudini ilikuwa bado haijaganda.

"Mke wako hapana mtu wa kazi yangu," alisema. "Yeye nakwenda. Wewe nabaki."

Zahoro akarudi jikoni akamweleza Swaumu vivyo hivyo, macho chini. Swaumu alimtazama, kisha akaitazama ile pudini.

"Baba anashushwa kaburini leo, Baba Mboni," alisema. "Na wewe unalinda kitu kile kisianguke."

Akaenda peke yake. Hakurudi. Jumapili iliyofuata Zahoro alikwenda Mbwawa kutoa pole, na shemeji yake Hemedi, kaka wa Swaumu, hakumkaribisha hata kwenye mkeka. Alimwacha amesimama uani kama mchuuzi. Swaumu ndiye aliyetoka kusema naye, maneno machache.

"Njoo siku ya arobaini. Uje asubuhi, ukae na wanaume, umsomee baba hitima. Ukishindwa na hilo, usije tena. Nitakwenda kwa kadhi, nami nina la kumwambia."

Zahoro aliapa kwamba atakuja.

Sasa, jikoni palikuwa na kalenda. Memsahib ndiye aliyeitundika, na kila asubuhi alifuta siku moja kwa penseli nyekundu, akihesabu zilizobaki kabla ya meli kuondoka Dar es Salaam, Jumanne moja ya mwezi wa sita. Vibarua walikuwa wakimwita Bibi Kalenda. Zahoro naye, memsahib akishatoka, alitia nukta ya mkaa chini ya alama ile nyekundu. Siku ya kumi. Siku ya kumi na tano. Alihesabu mara tatu kwa vidole, na kila mara arobaini iliangukia Jumamosi, siku tatu kabla ya safari.

Aliomba ruhusa siku ya kumi na nane. Memsahib akasema wataona. Akaomba siku ya ishirini na tano. Akaambiwa asisumbue watu, kwani wao wakishaondoka atakuwa na likizo ya miezi mitatu, kazi yake kulinda nyumba na kumlisha mbwa tu. Zahoro akataka kusema kwamba likizo ya Jumanne haimfai mtu mwenye arobaini Jumamosi. Badala yake akaitikia ndiyo, akarudi jikoni.

Ikawa siku ya thelathini na tano. Bwana na memsahib walikuwa barazani na kitabu chao, Zahoro akiondoa vikombe. Memsahib alikuwa amechangamka, akamwonyesha picha: watu weusi wamevaa vizuri, wameketi chini ya minazi mbele ya masufuria.

"Tazama, Zahoro. Mtu nakufa huko Belanse, kijiji yote naacha kazi. Siku tisa. Nakula, naimba, nakaa na mke ya marehemu. Hapana mtu nakwenda shamba. Nzuri sana, eh? Mimi nataka kuona hii."

Bwana akacheka kwa pua, akavuta kiko chake.

Zahoro alishika trei ya vikombe, na kwa mara ya kwanza katika miaka ile yote alihisi hasira ikimpanda waziwazi.

"Hata sisi, memsahib," alisema. "Sisi ni siku arobaini. Yangu ni Jumamosi."

Memsahib akafunga kitabu. "Jumamosi iko wageni kumi, ya kuaga. Hapa ni kazi, Zahoro."

Si kwamba hakuelewa. Alielewa vizuri kabisa, na ndiyo maana aligeuza uso.

Mambo hayakuishia hapo. Wageni wa Jumamosi walitakiwa waonjeshwe chakula cha Belanse, na memsahib alikuwa amekikuta kwenye kitabu: wali uliopikwa pamoja na kunde katika tui la nazi, na samaki wa mchuzi. Zahoro alipoelezwa alidhani anachezewa. Nazi. Mwanamke huyuhuyu alikuwa amepiga marufuku nazi jikoni mwake tangu siku ya kwanza, akisema inanuka. Alimfukuza Swaumu mlangoni mara mbili kwa sababu ya bakuli la kunde. Na sasa anapanda meli wiki nne kwenda kula vitu hivyohivyo.

"Memsahib, hiki ni chakula chetu," alisema. "Mke wangu hukipika kila wiki."

"Basi wewe najua. Vizuri. Pika kama mke wako." Kisha, kwa kuwa alitaka chakula kiwe kizuri, akalainika kidogo. "Nakula saa saba. Nakwisha kula, naosha sahani, halafu nakwenda matanga yako."

Swaumu alisema asubuhi, na hii ilikuwa ruhusa ya alasiri. Mwanamume mwingine angeondoka alfajiri bila kuaga. Zahoro alijiambia kwamba alasiri nayo ni siku hiyohiyo, kwamba watu wa Mbwawa wataelewa, kwamba kazi ya miaka kumi na moja haitupwi hivihivi. Alijiambia mengi. Usiku ule alilala vizuri, jambo ambalo baadaye lilimtia aibu kuliko yote.

Jumamosi alikwenda nyumbani kwake nyuma ya bohari akachukua chungu kikubwa cha Swaumu, kile alichopewa na mama yake siku ya harusi. Masufuria ya jikoni mle yalikuwa yakipikiwa nguruwe, na ingawa wageni wasingejali, yeye alijali: chakula cha siku ya arobaini ya mkwewe, hata kikiliwa na Wazungu, hakitapikwa humo. Akakuna nazi nane. Akachuja tui zito na tui jepesi. Akaziivisha kunde, akatia mchele, akapalia makaa juu ya kifuniko. Harufu ilipotoka aliketi kwenye kinu na kulia, maana ilikuwa harufu ya nyumbani kwake, na nyumbani kwake hapakuwa na mtu.

Saa sita na nusu wageni walikuwa barazani na bilauri zao. Samaki wametangulia mezani. Memsahib akaingia jikoni, uso mwekundu kwa furaha, akapitisha kidole kwenye ile kalenda yake kabla ya kusema.

"Zahoro, wageni nabaki. Iko chai, halafu iko chakula ya usiku. Wewe nakwenda matanga kesho."

"Kesho ni arobaini na moja, memsahib."

"Arobaini, arobaini na moja." Akatikisa mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Marehemu hapana kwenda mahali. Lete wali."

Akatoka. Punde kengele ikalia.

Zahoro akavua kanzu nyeupe akaitundika msumarini, juu ya kalenda. Akakunja taulo la jikoni likawa ngata, akaiweka kichwani, akakipandisha chungu na moto wake. Kisha hakupita mlango wa nyuma. Alipita sebuleni, akatokea barazani katikati ya wageni kumi, akashuka ngazi za mbele ambazo hakuwahi kuzikanyaga ila kwa kuzifagia. Mazungumzo yakakatika. Samaki walikuwa wakipoa sahanini, wakingoja wali.

"Zahoro," memsahib aliita. "Nakwenda wapi na chakula?"

Akageuka polepole, kwa ajili ya chungu.

"Likizo, memsahib," alisema.

Bwana alisimama, akapaza sauti kwamba akivuka lango asirudi. Kengele ililia tena, mara nyingi, ikitikiswa na mtu asiyejua la kufanya. Zahoro alizidi kuisikia mpaka alipoingia kwenye mistari ya mkonge. Mara ya kwanza maishani, hakuruka.

Njiani alijiona mtu. Jua lilimchoma, jasho lilimtiririkia shingoni, shingo ikafa ganzi, naye akawa anatembea akipanga maneno. Atawaambia alivyopita mlango wa mbele. Atawaeleza nyuso za wale wageni. Hemedi atacheka asipende, na Swaumu atafunga kanga yake vizuri na kusema, basi, twende nyumbani.

Alifika Mbwawa karibu saa tisa. Hitima ilikuwa imesomwa tangu asubuhi na dua ikafungwa. Wanaume wa vijiji vya jirani walikuwa wamekula na kuondoka, mikeka inakung'utwa. Waliobaki ni wanawake waliopika, ambao walikuwa ndio kwanza wanaketi, na Hemedi aliyekuwa akirudisha mawe ya mafiga pembeni ya ua.

"Shemeji, nimeleta chakula," alisema Zahoro, akikitua.

Hemedi hakumpa mkono. "Cha nyumba ile? Chungu kilichopikiwa nguruwe unakileta kwenye arobaini ya baba?"

"Hakijapikiwa nguruwe. Muulize mwenyewe dada yako."

Swaumu alikuwa amekwisha kuinuka. Alikijua chungu kile kwa mbali, kwa ule ufa mdogo wa mdomoni. Alichuchumaa, akafunua kifuniko, mvuke ukampiga usoni.

"Chungu changu," alisema.

"Nimeondoka, Mama Mboni," alisema Zahoro. Yale maneno yote ya njiani yalimtoka kichwani, yakabaki haya tu. "Hawakunifukuza. Nimewaacha mezani, wenyewe na wageni wao, nikapita mlango wa mbele."

"Lini?"

"Leo. Saa saba."

Swaumu akatikisa kichwa, bila hasira. Angekuwa na hasira Zahoro angejua la kusema.

"Umechelewa siku arobaini," alisema. "Ungepita mlango huo siku ile, ningekubebea mimi hicho chungu mpaka mwisho wa dunia."

Akaanza kupakua. Wanawake walikula kwa njaa ya watu waliotoka motoni, wakausifia wali ule, wakaulizana tui limechujwaje, na hakuna aliyemwuliza aliyepika. Zahoro alipewa wake mwisho. Aliletewa kwenye sahani ya bati ya wageni, pamoja na maji ya kunawa, na Swaumu aliinama kidogo alipoiweka mkekani.

"Karibu chakula, mpishi," alimwambia.

Miaka ishirini alikuwa amemwita Baba Mboni. Zahoro alikula kila punje, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Alipomaliza alingoja. Alidhani ataitwa ndani wazungumze, au walau atapewa chungu akibebe. Swaumu alikwenda kisimani, akakisugua kwa majivu na mchanga, akakisuuza mara tatu, akakileta mpaka kwenye kizingiti cha nyumba ya mama yake. Hapo akakifudikiza kando ya vyungu vingine vya nyumba ile, akaingia ndani. Hemedi alikaa mlangoni, akaanza kusuka kamba.

Zahoro akasimama, akajipangusa magoti, akaaga. Hemedi aliitikia. Akatoka mpaka penye njia panda, moja ya Kongowe, nyingine ya kwao Kisarawe, akasimama pale na taulo la memsahib begani. Alikuwa na likizo sasa, ndefu kuliko yao, na hakuwa na mahali pa kwenda.