Mapengo ya Kinanda cha Ikandana

Kinanda cha kanisa la Ikandana, juu milimani upande wa Mbeya, kilikuwa kizee hata panya waliozaliwa ndani yake walikwisha kuwa mababu. Kilikuwa kinanda cha kukanyaga: unakanyaga chini, mivukuto inajaa upepo, unabonyeza vibao vya juu, sauti inatoka. Ndivyo kilivyoundwa huko Ulaya. Kilipofika Ikandana kikajiwekea utaratibu wake. Vibao kumi na kimoja vilikuwa vimekufa kabisa. Kimoja cha kushoto hakikufa, ila kilikataa kunyamaza: ukianza kukanyaga tu, nacho kinaanza kuguna, mmmmm, mpaka amina ya mwisho. Mivukuto ilishonwa kwa ngozi ya mbuzi, ikatiwa viraka vya ngozi ya ndama, viraka vikapakwa nta. Siku ya jua kanisa zima lilinuka asali, na nyuki waliokuja kuabudu walikuwa wengi kuliko Wakristo.

Mpigaji alikuwa Jailos. Hakufundishwa na mtu. Zamani alikuwa akimchungulia mke wa mmisionari akikipiga, kupitia ufa wa mlango, na kwa kuwa ufa ule ulikuwa chini, aliona miguu tu. Basi miguu aliihitimu vizuri sana. Mikono akaibuni mwenyewe. Kila kibao kilichokufa alikijua kama mtu anavyojua makaburi ya kwao, akakizunguka kwa heshima. Wimbo ukifika penye kibao kimekufa, Jailos aliruka, na kanisa lote likaruka naye. Mambo yakaenda hivyo miaka ishirini.

Kiti kile cha kinanda ndicho kilichomfanya mtu. Shambani alikuwa Jailos wa migomba minne. Jumapili watu wazima walimwamkia kwa mikono miwili. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba tangu mfalme Daudi hajatokea mwingine mpaka yeye.

"Daudi alimwua Goliati," alijibu Tupokigwe. "Wewe hata panya wa kinanda wamekushinda."

Mwaka wa hamsini na nne kahawa ikapata bei. Mzee Gideoni, mkuu wa wazee wa kanisa, akasimama kutangaza kwamba misheni ya Wakatoliki ya Iringa imeletewa kinanda kipya, na kile cha zamani, ambacho bado kizima, inakiuza. Tuchange tukanunue.

"Mchango huo nitauongoza mimi!" Jailos alipaza sauti.

Akili yake ilimfikia akiwa amekwisha kukaa. Lakini makofi yalikuwa yamepigwa, na Jailos hakuwahi kuyapa makofi kisogo.

Mchango wa Ikandana ulikuwa mnada baada ya ibada, na mnada ule ulikuwa na desturi yake: anayenunua kitu hakibebi. Anakirudisha kinadiwe tena, asije akaonekana amekuja kanisani kutafuta kitoweo. Kuku wa Mama Marta alinunuliwa mara tisa Jumapili moja. Mara ya tisa akataga papo hapo juu ya meza, na yai nalo likanunuliwa mara sita, mpaka likaanguliwa. Hilo la kuanguliwa Jailos huliongeza akiwa na wageni. La kweli ni kwamba mgeni mmoja, Saulo wa Ubaruku, alimnunua yule kuku akamtia kwapani akaenda zake, na kanisa zima likabaki limeduwaa kama limeona mwizi wa madhabahuni.

Kwa kuku, kahawa na ndizi, fedha zikatimia. Mzee Gideoni akazishonea ndani ya koti lake, akakataa kulivua siku tatu, wakapanda basi yeye na Jailos kwenda kukijaribu kinanda. Njiani, pale Nyololo, baridi iliwatia meno kugongana. Jailos hakuisikia. Alikuwa akipiga kinanda juu ya magoti yake, akijiandaa kuwashangaza Wahehe.

Iringa walipokewa na Mwalimu Philbert, katekista na mpiga kinanda wa misheni, mtu mpole mwenye vidole virefu.

"Kamwene, wageni. Karibuni. Basi Mwalimu wa Mbeya, keti, kijaribu mwenyewe."

Jailos akaketi. Akachagua wimbo wa Krismasi ambao kila dhehebu linao, asije akasingiziwa ugeni. Akakanyaga kama alivyozoea kwao, kama mtu anayepanda mlima kwa baiskeli huku amebeba gunia. Lakini mivukuto ile haikuwa na tundu hata moja. Upepo wote ulikwenda ulikopaswa kwenda. Kinanda kikanguruma, vioo vikatetemeka, kasuku wa Padri akaruka mpaka leo hajarudi, na wanawake sokoni wakaanza kufunika ulezi wao wakidhani mvua inakuja.

Akapunguza miguu. Akatega sikio apate ule mguno wa kushoto, maana ndio uliokuwa nguzo yake. Kwa huo alijua yuko wapi. Hapakuwa na mguno. Vidole vikabaki kama ng'ombe waliofunguliwa zizi usiku. Vikaruka makaburi ambayo hayakuwepo. Alipomaliza, jasho lilikuwa limeingia viatuni.

"Wimbo mzuri," alisema Philbert polepole. "Ni wa kikwenu?"

"Ni wa Krismasi."

"Ahaa." Philbert akaketi, akaupiga wote, taratibu, kila sauti mahali pake.

Jailos akausikia kwa mara ya kwanza. Akajua. Kwa miaka ishirini alikuwa amewalisha watu ugali wenye mashimo.

Lakini Mzee Gideoni alitikisa kichwa. "Mwalimu, samahani. Unaukosea. Unaongeza sauti zisizokuwamo. Na kinanda chenu hiki kina kasoro kubwa: hakiguni."

"Hakiguni?"

"Cha kwetu kinaguna tangu mwanzo hadi mwisho. Ni wazee wetu waliotangulia, wanaitikia. Au namna gani, Jailos?"

Philbert akamtazama Jailos. Mpiga kinanda hamfichi mpiga kinanda mwenzake. Pale pale Jailos aliona kiti chake kimewekwa mbele yake: akinyamaza, ni chake mpaka afe.

"Kweli, Mzee," akasema. "Hiki kibovu."

Philbert hakubisha. Aliwaaga vizuri, akawasindikiza mpaka langoni.

Njiani kuelekea stendi Mzee Gideoni alikuwa amefurahi mno. "Umetuokoa, mwanangu! Walitaka kutubambikia. Tena nimewaonea huruma hawa watu. Nitamwomba Mchungaji aandike barua, uje ukae huku miezi mitatu, umfundishe yule Philbert kupiga."

Jailos akajiona amesimama mbele ya Wakatoliki wa Iringa nzima, akiwafundisha kuruka. Miguu, ile aliyoihitimu, ikakataa kwenda.

"Tata, baba yangu," alisema, "kibovu si kile. Kibovu ni cha kwetu. Na mimi."

"Unasemaje?"

"Zile sauti zimo. Sisi ndio tunaziruka, kwa sababu vibao vimekufa. Nami sijui wimbo hata mmoja ulio mzima."

"Na ule mguno?"

"Ngozi imekatika ndani."

Mzee Gideoni akaketi juu ya jiwe, na koti lake lote la fedha. "Mimi kila Pasaka," alisema, "nilikuwa namsikia baba yangu pale."

Jailos akaketi kando yake. Walikaa mpaka basi likapiga honi, likaondoka bila wao. Kisha mzee akajipangusa.

"Twende tukanunue."

"Na kiti, tata?"

"Kiti ni cha anayejua. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Basi utalisema hilo tena mbele ya Philbert. Kwa sauti. Sauti unayo, hiyo hatukuchangia."

Kinanda kikatangulia Mbeya na Mzee Gideoni. Jailos akabaki Iringa, na makubaliano yakawa haya: akirudi kabla ya Krismasi akiweza kupiga, kiti ni chake; asipoweza, watamwomba Philbert awatafutie mwingine. Wala Philbert mwenyewe hakumfundisha. Wanaoanza walifundishwa na binti yake Apolonia, na Apolonia hakuwa na mzaha.

"Baba, keti. Miguu uiache, nimeambiwa unaijua. Kidole gumba hapa. Haya, panda kimoja kimoja."

Jailos akapanda. Cha kwanza, cha pili. Penye cha tatu akaruka.

"Mbona umeruka, Baba?"

"Hapo... kwetu hapapiti mtu."

"Hapa ni Iringa. Bonyeza."

Akakitazama kile kibao muda mrefu. Akakigusa kwa ncha ya kidole, kama anayeamsha mgonjwa. Kikaitika, laini, safi.

"Samahani," Jailos alikiambia.

"Usikiombe radhi," alisema Apolonia. "Rudia."