Kidole cha Sita cha Damalie

Taaka alikuwa barazani kwake kijijini Sikuda, upande wa Uganda, akishona sketi za shule, mguu kwenye cherehani, pini tatu mdomoni, bibi yake alipoingia uani. Bibi Damalie alikuwa amefariki miaka kumi na moja iliyopita. Alikuwa amemshika mkono msichana wa miaka kama sita, mwenye barafu kwenye nyusi. Taaka alitema pini, akavuta kigoda.

Kwa watu wa huko si ajabu marehemu kuja kudai jina lake. Kwa kawaida huja ndotoni, mtoto akishazaliwa. Ila bibi huyu hakuwa na muda wa kusubiri mtu asinzie.

"Huyu ndiye amebeba jina langu," alisema. "Mumemuweka kwenye friji ya kliniki, huko ng'ambo ya mpaka. Kesho munachukua mwingine, huyu munamwaga."

Taaka aliushika mkono wa mtoto, akahesabu. Vidole sita, kama vya bibi, kama vyake mwenyewe. Shuleni walimcheka kwa vidole hivyo, na leo Sikuda nzima hakuna fundi anayemfikia kwa kupiga pindo.

Mumewe, Bwire, alirudi kutoka shambani, akamwamkia bibi, akamtazama mtoto, akanawa mikono.

"Fomu ya mtoto tunayemtaka tulishajaza," alisema. "Mrefu, mweupe kidogo, vidole kumi. Miaka tisa tumehangaika, Taaka. Usituharibie."

Tulishajaza! Fomu aliijaza yeye peke yake, siku mkewe amelala na dawa ya usingizi akitolewa mayai.

Asubuhi walivuka mpaka wote wanne. Afisa wa uhamiaji upande wa Kenya aliomba kitambulisho cha mtoto, akaambiwa hajazaliwa. Akasema apite. Bibi alitoa cheti chake cha kifo, kikagongwa muhuri.

Daktari Osinya, mwenye kliniki, alifungua faili.

"Huyu ni kiinitete namba tatu," alisema. "Hakufaulu vipimo. Tunapandikiza namba moja. Panda kitandani, mama."

"Mimi namtaka huyu."

"Ana kasoro."

Taaka aliweka mikono yote miwili juu ya faili, vidole kumi na viwili.

"Nionyeshe ni kipi," alisema. "Kidole ambacho ni kasoro, nikuachie hapa hapa."

Daktari alisema huo ni utaratibu, na mume ameshatia sahihi. Bwire alikuwa anatazama viatu vyake.

"Basi tumbo hili halina sahihi yangu. Namba moja mwekee aliyemchagua."

Akachukua mkoba, akamshika mtoto mkono. Kwenye benchi la nje walikaa watoto wengine wa friji wakitetemeka kwa baridi: mwenye ualbino, wafupi wawili, weusi tii kadhaa. Daktari alipita katikati yao kwenda kuita mke na mume waliofuata.

Jumapili Taaka alimwita mtoto Damalie mbele ya majirani. Bibi alishukuru, akaaga, akarudi kaburini kwa miguu. Mwalimu mkuu alimwandika mtoto darasa la kwanza na kudai ufagio tu. Jumanne saa nne kliniki ilimwaga namba tatu. Damalie, akiwa darasani, aliacha kutetemeka kwa baridi ya friji, akavua sweta.

Bwire alihamia kwa dada yake Tororo. Taaka hakushika mimba, na hilo lilimuuma, asikudanganye mtu. Kuna siku alilia mpaka kitambaa kikalowa, kisha akakipiga pasi.

Kliniki nayo haikufungwa. Iliongeza ghorofa, na kwenye fomu ikaongeza kisanduku cha kukataa wanaotumia mkono wa kushoto. Mwezi uliofuata msichana mwenye barafu kwenye nywele alisimama uani, penseli mkono wa kushoto. Nyuma yake, barabara ya kutoka mpakani ilijaa watoto.

"Hapa ndipo kwa mama Damalie?"

"Ndipo," alisema Taaka. "Ingia. Lango usifunge."