Mahubiri Yaliyompeleka Kawira Kiritiri

Jumanne asubuhi Mchungaji Muchangi alikuwa akipangusa viti vya kanisa lake, nje kidogo ya Githongo, Kawira alipoingia na mfuko wa ndengu.

"Zimetoka Kiritiri," akasema. "Kwa dada yangu."

Muchangi akaacha kupangusa. Kanisa zima lilijua kwamba Kawira na dada yake Virginia hawakuwa wamesemezana miaka tisa, tangu Virginia akose mazishi ya mama yao.

"Ni yale mahubiri yako ya msamaha, Jumapili ile nyingine," Kawira akaendelea. "Kesho yake nilienda. Kumbe wakati wa mazishi Virginia alikuwa amelazwa, mimba imetoka, akaona aibu kutuambia. Tumelia, tumekula. Mungu alikutumia, Mchungaji."

Wiki ya mahubiri hayo Muchangi alikuwa ameshinda shambani akichuma kahawa, na Jumamosi akaiomba akili bandia kwenye simu imtungie mahubiri. Aliyasoma neno kwa neno. Tena haikuwa mara ya kwanza. Alikuwa akifanya hivyo tangu Pasaka.

Angeweza kunyamaza. Akaketi.

"Mama, yale maneno hayakuwa yangu. Yaliandikwa na mashine. Hata ile hadithi ya ndugu wawili na kisima, niliyosema nilisimuliwa na babu, babu hakuisema."

Kawira aliweka mfuko wa ndengu chini.

"Ya kisima nimeisahau," akasema. "Nilichobeba ni lile fungu la kuacha sadaka madhabahuni, ukapatane kwanza na ndugu yako. Hilo nalo ni la mashine?"

"Hapana. Hilo ni neno la Bwana."

"Basi ndilo lililonipeleka." Akaketi karibu naye. "Lakini usimsingizie babu yako tena. Mume wangu alipofariki ulikuja kwetu ukashindwa hata kuomba. Ulikaa jikoni ukalia na sisi. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu, na siku hiyo hasira ikapungua. Simu ingeandika maombi mazuri kuliko yako. Lakini isingelia."

Muchangi alicheka huku akijifuta macho.

Jumapili iliyofuata aliungama mbele ya washirika. Kaburu, mzee wa kanisa, akasimama kuuliza kama sasa simu itafungiwa nje.

"Itanisaidia kupanga matangazo na kutafuta mafungu," Muchangi akajibu. "Kulisha kundi niliitwa mimi."

Kaburu akatikisa kichwa kukubali, akaketi.

Muchangi akahubiri dakika kumi na mbili, akakwama mara mbili. Hakuna aliyetoka. Kwenye safu ya tatu Virginia alikuwa ameketi kando ya dada yake, wakisoma Biblia moja.

Baada ya ibada mchungaji alirudi nyumbani, akavua viatu, akalala hadi saa kumi, usingizi mzito wa mtu aliyemaliza mavuno.